Jioni 7.8, alfajiri 13.6, katikati hakula kitu: sukari hii ya sikukuu inatoka wapi?

#1 Mwana wa Mkomani
Salamu alekum. Nina swali moja na namba zake.

Mgonjwa ni mama wa miaka 61, kisukari aina ya 2. Anameza metformini 1000 mg asubuhi na jioni, na anadunga insulini ya mchanganyiko wa 30/70, yuniti 20 asubuhi na 12 jioni. Siku za kawaida huamka na sukari ya 6 hadi 8 (mmol/L). Tangu Desemba iingie, wageni wamejaa Amu (Lamu), harusi inafuata harusi, na alfajiri imekuwa 12 kwenda juu. Kinachotatiza ni kwamba usiku kabla ya kulala hali ni nzuri. Juzi saa 5 usiku 7.8, saa 12 asubuhi 13.6. Jana alilala na 8.3, akaamka na 12.9. Katikati hakutia kitu kinywani ila maji.

Kabla mtu hajasema "ongeza yuniti mbili jioni", naomba sababu kwanza.

#2 Kaskazi
Waalaikum salaam. Jibu langu ni ini. Kuanzia kama saa 9 usiku mwili hujitayarisha kuamka. Kotisoli na homoni ya ukuaji hupanda, na ini hufungua ghala lake la sukari. Asiye na kisukari haoni kitu kwa sababu kongosho lake hujibu papo hapo. Mwenye kisukari halijibu vya kutosha. Kwa hiyo ni kweli hakula, lakini ini limemlisha.

#3 Mizani
Kaskazi, homoni hizo zipo mwaka mzima, na mleta uzi amesema siku za kawaida mama huamka na 6 hadi 8. Kilichobadilika Desemba ni chakula cha jioni na saa yake.

Mleta uzi, tuambie: alikula nini, saa ngapi, na sindano alidunga saa ngapi? Jioni zote mbili.

#4 Mwana wa Mkomani
Juzi: sindano saa 12 na nusu kama kawaida yake, chakula saa 4 usiku kwa sababu wageni walichelewa na boti. Biriani ya mbuzi.
Jana: sindano saa 1, chakula saa 1 na nusu. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, tambi kidogo.

#5 Mizani
Shukran. Ya juzi imenishtua kuliko hiyo 13.6.

Kwenye 30/70, sehemu 30 ni insulini ya haraka. Huanza kazi kama nusu saa baada ya kudungwa na kufika kileleni kati ya saa mbili na nne. Ukidunga saa 12 na nusu ukala saa 4, insulini imefanya kazi yake yote kubwa tumbo likiwa tupu. Kufikia saa 3 usiku mama huyo alikuwa kwenye hatari ya kushukiwa na sukari akiwa amekaa na wageni, na watu wangedhani ni uchovu wa shughuli. Kanuni ya siku za karamu: sindano isitangulie ahadi ya chakula. Sinia lionekane, ndipo udunge, nusu saa kabla ya kula. Wageni wakikawia, sindano nayo ingoje.

Sasa ile 7.8. Alikula saa 4, akapima saa 5. Biriani ina samli, nyama ya mbuzi, vitunguu vilivyokaangwa. Mafuta huchelewesha chakula tumboni, wali ukatoka polepole. Sukari ya mlo wa namna hiyo inaweza kupanda saa tatu hadi sita baadaye. Ile 7.8 ilipimwa chakula kikiwa bado tumboni.

#6 BintiPate
Hiyo inaeleza juzi tu. Jana alikula saa 1 na nusu, akapima saa tatu na nusu baadaye, na bado alfajiri ikawa 12.9. Mimi nadhani sukari ilimshuka usiku wa manane akiwa usingizini, mwili ukajihami, ini likamwaga sukari kupita kiasi. Asubuhi unaona 12.9, unaongeza insulini, na usiku wa pili anashuka zaidi.

#7 Mstaafu wa Wodi
Wanangu, salaam. BintiPate amelitaja jambo la siku nyingi. Liliandikwa na Michael Somogyi katika miaka ya 1930 na wauguzi wa zamani tulifundishwa hivyo. Lakini tangu vije vipimo vya kubandikwa mkononi vinavyosoma sukari usiku kucha, watafiti wameona kwamba usiku wa kushuka mara nyingi hufuatwa na asubuhi ya chini, si ya juu. Kwa hiyo kama lipo, si la kila mara.

Hata hivyo namna ya kulijua ni ileile. Pima mara tatu kwa usiku mmoja: wakati wa kulala, saa 9 usiku, na wakati wa kuamka. Fanya hivyo usiku tatu. Saa 9 ikiwa chini ya 4, insulini ya jioni ni nyingi au chakula kilikuwa kichache. Ikiwa sawa na ya kulala halafu ikapanda, Kaskazi ana haki na homoni zake. Ikiwa tayari ipo juu, ni chakula, au dawa haifanyi kazi.

Tazameni na dalili: shuka limelowa jasho, ndoto mbaya, kuamka na kichwa kinauma. Bila namba ya saa 9, kuongeza yuniti ni kupiga jiwe gizani, na aliye gizani ni mama wa watu.

#8 Mla Mofa
Mmeenda mbali hadi kwenye ini na hamjauliza kidole. Asubuhi ya harusi nyumba nzima inashika tende, halua, vileja. Kidole chenye utando wa sukari kikitobolewa, tone la damu linachanganyika na utando huo na mashine inasoma vyote. Kupangusa kwa pamba ya spiriti hakutoshi. Maji na sabuni, kisha ukauke kabisa, maana kidole chenye maji nacho huzimua damu na kutoa namba ya chini ya uongo. Pasipo maji, tone la kwanza lifutwe, lipimwe la pili.

Jambo jingine ni kopo la stripi, vile vibanzi vya kupimia. Likiachwa wazi katika hewa ya bahari, unyevu unaingia. Funga mara tu unapotoa moja. Zipo ambazo kopo likishafunguliwa hudumu miezi mitatu tu hata kama tarehe iliyochapwa ni ya mbali. Soma ubavuni.

#9 Mwana wa Mkomani
Kidole kilioshwa kwa sabuni, namuoshea mwenyewe. Kopo lilifunguliwa Septemba, sikujua hilo la miezi mitatu. Nitanunua jingine leo nilinganishe.

#10 Kaskazi
Ukishanunua, pima damu ya kidole kimoja kwa stripi mbili, ya zamani na mpya, papo hapo. Tofauti ndogo ni kawaida; mashine za nyumbani zinaruhusiwa kupishana kama asilimia 15. Moja ikisema 13 na nyingine 9, kopo la zamani litupwe.

Na insulini mnaiweka wapi? Upepo wa kaskazi umeanza, mchana hapa ni zaidi ya nyuzi 30.

#11 Mwana wa Mkomani
Akiba ipo kwenye friji ya jirani. Kichupa kinachotumika kipo kwenye kijungu cha udongo chumbani. Kilifunguliwa kama wiki tano zilizopita.

#12 Mizani
Wiki tano! Pengine hapo ndipo penye jibu la jana. Insulini nyingi zikishafunguliwa hudumu wiki 4 nje ya friji, na hizo wiki 4 zimehesabiwa kwa joto lisilozidi 25 au 30 kulingana na mtengenezaji. Baada ya hapo haigeuki sumu, ila nguvu inapungua kidogo kidogo, na unaona namba zikipanda bila kujua kwa nini. Kila kichupa kiandikwe tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu siku ileile.

Akifungue kipya leo. Mpime saa 2 za kwanza baada ya mlo na usiku, kwa sababu insulini yenye nguvu kamili inaweza kumshusha kuliko ile iliyochoka.

#13 Fundi Friji
Niseme kuhusu kijungu, maana watu hukitegemea kuliko kinavyoweza. Udongo unapoza kwa sababu maji yanapenya ukutani na kuvukizwa na hewa. Hewa ikiwa kavu, kama bara kaskazini, joto linashuka sana. Hewa ya Amu imeshiba maji, uvukizaji ni mdogo.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua kipimajoto cha kawaida, funga kitambaa kilicholowa kwenye ncha yake, kipeperushe kwa pepeo dakika tano. Namba utakayoiona ndiyo mwisho wa uwezo wa kijungu hapo nyumbani kwako, hakiwezi kushuka chini yake. Mchana wa nyuzi 32 wenye unyevu wa kipwani utapata kama 26 au 27. Hiyo inafaa kwa kichupa kinachotumika, kama mtengenezaji wake anaruhusu hadi 30. Kwa akiba inayotakiwa kukaa kati ya 2 na 8 haifai hata kidogo.

Tena kijungu kisiwekwe kabatini. Kinataka upepo. Vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kilicholowa, na viwekwe dakani au dirishani panapopita kaskazi lakini jua halifiki. Mchanga uloweshwe asubuhi na jioni. Kichupa kiwe ndani ya mfuko mkavu, lebo isioze.

#14 BintiPate
Nyumba za mawe za zamani chumba cha ndani kina ubaridi wake. Je, hakishindi kijungu?

#15 Fundi Friji
Usiku labda. Mchana wa sikukuu, watu ishirini ndani na jiko linawaka uani, sidhani. Weka kipimajoto karibu na kichupa, usome saa 8 mchana. Kikisema chini ya 28 siku zote, na dawa yako ni ya hadi 30, usihangaike na mchanga.

Na friji ya jirani: akiba isiwekwe karibu na sanduku la barafu wala isigusane na ukuta wa nyuma. Insulini iliyoganda hata mara moja imekufa, ikiyeyuka inaonekana nzima. Nyumba ikipotewa na umeme, msifungue friji kila saa kutazama.

#16 Mstaafu wa Wodi
Nyongeza kwa mleta uzi. Hiyo 30/70 ni ya maziwamaziwa. Kabla ya kuvuta lazima ibiringishwe kati ya viganja, mara kumi na zaidi, mpaka iwe nyeupe sare, bila kutikiswa kwa nguvu. Isipochanganywa, leo anavuta yenye nyingi ya haraka, kesho yenye nyingi ya polepole, namba zinarukaruka na nyumba inalaumu biriani. Ikiwa na mabonge au imeganda kama theluji kwenye ukuta wa kichupa, itupwe.

Na mshike tumbo pale anapodunga. Pakiwa na uvimbe mlaini, pameshachoka, dawa inanyonywa ovyo. Ahame vidole viwili kila sindano.

#17 Bi Mdalasini
Haya, madaktari wameongea, sasa jiko. Niambieni, hao wageni wanamkaribisha mama wa watu mahamri mangapi asubuhi? Watu husema "mawili tu" bila kujua mawili ni nini.

Kilo moja ya unga wa ngano ina wanga kama gramu 730. Wengi hutia robo kilo ya sukari, tui, hiliki, hamira. Jumla karibu gramu 980 za wanga na sukari. Ukikata mahamri 40, kila moja ni kama gramu 25, hata kabla ya mafuta ya kukaangia. Mawili ni 50, sawa na kikombe kimoja na ushee cha wali uliopikwa. Ukiyakata makubwa, ukatoa 28, kila moja ni 35. Basi unayepika kwa ajili ya nyumba yenye mgonjwa, tia sukari gramu 80 badala ya 250, zidisha hiliki, kata madogo 50. Hakuna atakayelalamika, na moja linakuwa gramu 16.

Mbaazi za nazi zisilaumiwe. Zina nyuzinyuzi za kushibisha na sukari yake hutoka polepole. Hamri moja na bakuli la mbaazi ni bora kuliko mahamri matatu na chai ya maziwa.

#18 Mla Mofa
Bi Mdalasini, tui la mbaazi hujalitia hesabuni, naona unalipendelea! Na halua je? Watu wanasema kahawa chungu inaua sukari ya halua.

#19 Bi Mdalasini
Tui halina sukari nyingi, mwanangu, lina mafuta. Hapo Mizani anaweza kunisahihisha.

Kahawa haiui kitu. Uchungu upo ulimini, sukari ipo tumboni, havikutani. Halua ni sukari, wanga na samli vilivyosongwa saa nyingi mpaka vikashikana. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba na kahawa chungu mbili, basi, na kisiliwe juu ya wali. Asali ni sukari. Sukari guru ni sukari. Tende ni chakula kizuri lakini ndogo moja ina kama gramu 5 na zile kubwa nene zinafika 18. Mtu akila saba kwa kufuata sunna, ahesabu ni saba za aina gani.

Embe ngowe nazo zimeanza. Moja kubwa lina gramu 40 na zaidi. Nusu leo, nusu kesho.

#20 Mizani
Bi Mdalasini, sina la kukusahihisha kwa wanga. Kwa mafuta naongeza kwamba tui, samli na nyama kwa jioni moja hufanya mwili usisikie insulini vizuri kwa saa kadhaa. Wali wa nazi na samaki wa kupaka wa jana ni tui juu ya tui. Kwa hiyo #6, jana nayo haijatoka kwenye mikono ya mafuta.

Biriani yetu ina uzuri mmoja: wali mbali, rojo mbali. Unaweza kuchota rojo na nyama, wali kiasi cha ngumi. Pilau huna ujanja huo, kila punje imekunywa mafuta. Na sinia la watu wanne ndilo linalopoteza hesabu, kwa sababu hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Ampakulie mtu sahani yake kabla sinia halijaguswa, au achore upande wake kwa kijiko na asivuke. Aanze na kachumbari na samaki, wali uje mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza mpando wa baada ya mlo.

#21 Kaskazi
Na baada ya kula, dakika 15 za kutembea. Usita wa Mui kwenda na kurudi inatosha, si lazima Shela.

Nimesoma mahali kwamba wali wa jana ukipashwa moto hauna sukari. Ni kweli?

#22 Mizani
Ukipoa sehemu ndogo ya wanga inageuka isimeng'enywe kirahisi. Tofauti ni ndogo, haibadilishi kipimo cha sahani. Ila wali uliolala nje kwenye joto hili una bakteria ambao kupasha moto hakuwamalizi sumu yao. Mwenye kisukari akitapika usiku kucha ameshadunga insulini, mmejitafutia safari ya hospitali. Wali uingie friji ndani ya saa moja au mbili, ama usiliwe.

#23 Malindi Kwetu
Huku Malindi sikukuu ina mnazi, ile pombe ya kugema, na sijaona mtu ameutaja. Wa asubuhi ni mtamu, una sukari na pombe. Wa jioni ni mkali, sukari imekuwa pombe. Watu hudhani mkali ndio salama. Pombe inalizuia ini kutengeneza sukari, na mtu wa insulini au wa kidonge cha sukari cha glibenklamidi anaweza kushuka hata kesho yake asubuhi. Amelala, wenzake wanasema amelewa, kumbe sukari ni 2. Harufu ya mnazi isiwazuie kupima.

#24 BintiPate
Ahsante kwa kuitaja glibenklamidi. Hiyo ni hatari kwa wazee, hasa wenye figo dhaifu, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu. Mzee anaacha chakula cha mchana "kuweka nafasi ya pilau ya usiku" na kidonge amemeza asubuhi. Alasiri anatetemeka, anatoa jasho, anajibu hovyo. Anayetumia metformini peke yake hapatwi na haya kirahisi. Wazee wenye glibenklamidi waulize kliniki kama kidonge kingine, gliklazidi, kinawafaa zaidi.

#25 Mwana wa Mkomani
Jamani, shukran. Jumamosi tunavuka kwenda Faza, kisiwani Pate, kwa harusi nyingine. Sukari ikimshuka ndani ya boti nifanye nini hasa?

#26 Mstaafu wa Wodi
Mwanangu, sikiliza vizuri.

Chini ya 4, au dalili zipo na huna nafasi ya kupima: sukari vijiko vidogo vitatu au vinne ndani ya maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Iwe soda ya kawaida. Iliyoandikwa haina sukari haitamsaidia. Usimpe hamri, chokoleti wala halua, mafuta yatachelewesha. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, mpe kitu cha kukaa tumboni, kipande cha mkate au ndizi, kama mlo upo mbali.

Akipoteza fahamu au hawezi kumeza, usimtie kitu kinywani. Mlaze ubavu, boti iende kwenye hospitali iliyo karibu, Faza au King Fahd mjini Lamu. Sukari hiyo ikae mfukoni mwako. Ikiwa ndani ya begi chini ya mizigo ya harusi haitapatikana.

#27 Malindi Kwetu
Dafu je? Ndani ya boti hayakosi.

#28 Mstaafu wa Wodi
Kikombe cha maji ya dafu kina kama gramu 9 tu, tena dafu na dafu hazilingani. Ni polepole na si hakika. Na mwenye figo mbovu asiyanywe mengi, yana potasiamu.

#29 Nahodha wa Mtepe
Mimi naongeza la bahari. Njia ya Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, haipitiki kwa boti ya mizigo maji yakikupwa. Ukiambiwa "tunang'oa saa 3" na maji hayajajaa, mtakaa. Saa mbili, tatu. Mgonjwa wa insulini asidunge asubuhi kwa kuamini chakula cha Faza. Adunge na kula kabla ya kushuka gatini, halafu mfukoni awe na mkate na yai kwa muda wa kungoja.

Insulini isitiwe kwenye boksi la barafu la samaki. Itaganda, au itaelea kwenye maji ya chumvi. Thamosi yenye mdomo mpana, ipozwe kwanza kwa maji baridi, imwagwe, kichupa kifungwe kwa taulo ndogo iliyolowa. Ikae kivulini miguuni mwa mtu, isiwe karibu na injini. Gawanyeni dawa na sindano kwenye mizigo miwili, moja ikianguka majini nyingine ipo.

#30 Bi Mdalasini
Na viatu! Makubadhi mapya ya harusi yanachubua, na mama hasikii kwa sababu neva za miguu zimechoka. Akifika Faza avue, amulikwe nyayo na katikati ya vidole kwa tochi. Mchanga wa saa 8 mchana asiukanyage peku, na kanda mbili zitikiswe kabla ya kuvaliwa, chaza na vipande vya matumbawe hujificha humo. Malengelenge yasitumbuliwe.

#31 Mwana wa Mkomani
Nimerudi na namba. Kichupa kipya, stripi mpya. Stripi za zamani na mpya zimepishana kwa 0.6 tu, kwa hiyo si kopo.

Usiku wa kwanza, chakula saa 1 na nusu, samaki wa kuchoma, wali ngumi moja, mchicha: kulala 8.0, saa 9 usiku 6.1, kuamka 9.4.
Usiku wa pili, harusi, pilau, saa 3 usiku, sindano saa 2 na nusu: kulala saa 6 usiku 9.1, saa 9 usiku 11.8, kuamka 12.2.

#32 Kaskazi
Usiku wa kwanza: 6.1 kwenda 9.4 bila kula. Homoni za alfajiri, zipo kwenye karatasi.

#33 Mizani
Usiku wa pili: ilikuwa 11.8 saa 9 tayari, na baada ya hapo haikupanda cha kusema. Hiyo ni pilau. Na usiku wa kwanza 9.4 si 13, maana yake kichupa kipya na sahani ndogo vimefanya kazi. Kipi zaidi, hatujui, umebadilisha vitu viwili kwa siku moja.

#34 BintiPate
Na hakuna anayejua usiku wa wiki iliyopita ulikuwaje saa 9. Mimi sijaiondoa hoja yangu kwa ile ya sindano ya saa 12 na nusu. Pia muulizeni kama amedungwa sindano ya maumivu ya goti au anameza predinisoloni; dawa za jamii ya steroidi hupandisha sukari siku kadhaa. Na jino, na mkojo kuwasha. Maambukizi hupandisha kabla homa haijaonekana.

#35 Mwana wa Mkomani
Goti! Alidungwa sindano ya goti siku kumi zilizopita, hakuna aliyeitilia maanani. Sijui ilikuwa dawa gani, naifuatilia leo kwenye kliniki nikiwapelekea namba hizi zote. Dozi sitaigusa mpaka waseme wao.

#36 Mstaafu wa Wodi
Omba wakuandikie jina la dawa hiyo kwenye kadi. Na uwaulize mapema: akitapika Faza, apunguze nini, asiache nini. Insulini haiachwi kabisa kwa sababu mtu hali chakula, ila kiasi chake hubadilika. Sukari ikivuka 16.6 na anatapika au anapumua kwa nguvu, msingoje asubuhi.

#37 Nahodha wa Mtepe
Mumeshauliza saa ya maji kwa Jumamosi?

#38 Mwana wa Mkomani
Tumeuliza, ami. Boti inang'oa saa 4 asubuhi, maji yakiwa yanajaa. Sindano saa 1 na nusu, hamri moja na mbaazi saa 2. Thamosi nimeijaribu leo mchana na kipimajoto ndani: saa sita, haikuvuka 25. Kichupa cha pili na sukari ya vijiko vinne vipo mfukoni mwangu. Namba za usiku wa Faza nitazileta hapahapa.